Nahodha akisema leo hakutokeki

Kila ikikaribia Aprili, simu zetu sisi Waswahili wa Riyadh na Jeddah hujaa matangazo ya likizo za nyumbani. Zamani yalikuwa ya nyumba za kupanga na tiketi za bei ya punguzo. Siku hizi yamezuka ya uvuvi. Utaona picha ya baba mmoja na miwani yake ya jua, kamkumbatia nduaro mrefu kuliko yeye mwenyewe, na chini yake maneno: Watamu na Malindi, mashua ya kisasa, watoto wanaruhusiwa, Julai, samaki ni uhakika. Mwezi huu peke yake watu watatu wameniuliza, mmoja wao tukiwa bado tunatafuta viatu mlangoni baada ya sala ya Ijumaa: "Mwalimu, wewe si mtu wa huko? Hii safari vipi, twende?"

Nendeni. Nalisema hilo mwanzo nisije nikaeleweka vibaya. Mtoto anayekulia Riyadh, mji ulio kilomita mia nne na bahari iliyo karibu, anamjua samaki akiwa amelala juu ya barafu dukani na bei imechomekwa pembeni. Kumpeleka akashike mshipi, akasikia uzito wa kitu kinachovuta kutoka upande wa pili, ni bora mara kumi kuliko wiki mbili za kuzunguka madukani Dubai. Ninachogombana nacho ni yale maneno mawili ya mwisho kwenye tangazo, "Julai" na "uhakika". Na ninagombana nayo kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe niliyameza mazima.

Tulikwenda watu watano: mimi, binti yangu, mumewe na wajukuu wawili. Mkwe wangu ni mhandisi, mchapa kazi, mtu wa watu, na nayaandika haya kwa idhini yake (ameyasoma kabla yenu, kaniambia nitume). Ametimiza miaka mitano kwa mwajiri wake, kwa hiyo likizo yake imepanda kutoka siku 21 hadi 30, lakini mwenye kupanga zianguke lini ni mwajiri. Zikaangukia Julai. Dalali mmoja wa huku huku Ghuba akampangia kila kitu kwa simu, yaani ndege, hoteli na siku tatu za mashua, karibu riyali elfu tatu kwa kila siku ya mashua. Akanionyesha karatasi. Nikaisoma yote, nikamwambia inshaallah.

Sasa nisikilizeni. Mie nimefundisha jiografia miaka 31, katika sekondari ya wamishenari, skuli ile ile niliyosomea, Mwarabu wa Malindi na kofia yangu baina ya mapadri, na tukaishi vizuri. Kila mwaka nilichora ubaoni Bahari ya Hindi na mishale miwili: kaskazi, Desemba hadi Machi, na kusi, Aprili hadi Septemba. Mshale wa kusi, penye Juni na Julai, niliukoleza kwa chaki nyekundu ili watoto wajue hapo ndipo nguvu yake ilipo. Miaka 31. Na nilipoletewa karatasi iliyoandikwa Julai sikufungua mdomo. Nilikuwa naiwazia furaha ya mjukuu wangu. Halafu, nikisema kweli, kuishi ghorofa ya nne kwa kiyoyozi kumenisahaulisha kwamba upepo nao una miezi yake.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Mashua nyingi za uvuvi wa mchezo pale Watamu na Malindi hupandishwa pwani kuanzia Aprili au Mei. Hupakwa rangi, hufunguliwa injini, mabaharia wakaenda zao mashambani, na hurudi majini mwisho wa Julai au Agosti. Agosti hadi Oktoba ni wakati wa jodari, hasa kule kusini, Shimoni, kwenye mkondo wa Pemba. Kuanzia Novemba huja sulisuli, na Malindi ndio mji wao, kwa kuwa Mto Sabaki humwaga maji ya tope na samaki wadogo hujikusanya pale maji mekundu yanapokutana na ya buluu, sulisuli huwafuata. Kisha Januari hadi Machi, kaskazi ikishakaa vizuri, ndio nduaro. Wako wa aina tatu, weusi, wa buluu na wenye mistari, na si bahari nyingi duniani zilizojaliwa wote watatu. Hemingway, yule mwandishi wa Kimarekani, alipokuja kuvua Malindi mwaka 1934, ilikuwa Februari. Lakini yeye hakuwa na kafili wala mtoto wa skuli.

Turudi kwetu. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, nahodha alitungoja pwani, peku, mtu wa miaka hamsini na kidogo. Nilipomfikia akavua kofia. "Shikamoo mwalimu." Sikumjua mpaka aliponitajia mwaka na darasa. Dawati la nyuma, upande wa dirisha. Mtoto wa wavuvi, akija skuli Jumatatu na magamba ya samaki kwenye kola, na mie nikimwambia mbele ya wenzake kwamba asiposhika kitabu atazeeka na mshipi mkononi. Leo anazungumza Kiingereza na Kitaliana, na Kijerumani cha kumtosha kazi. Wageni humwandikia mwaka mzima kabla ili wampate yeye. Hakunikumbusha maneno yale. Nilijikumbusha mwenyewe.

Mashua yake ilikuwa haijatimiza hata siku nne majini. Dalali alikuwa amemwomba aiteremshe mapema kwa ajili yetu, naye akakubali akitaraji upepo utapungua. Akaitazama bahari muda mrefu, kule nje ambako mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya mwamba na kuacha moshi mweupe hewani, akasema, "Leo hakutokeki, mwalimu. Tujaribu kesho."

Kesho yake tulipanda. Tukafika karibu na mlango wa kutokea kwenye mwamba, akapunguza mwendo. Alikuwa akiyahesabu mawimbi kwa kidole juu ya usukani, nilimwona. Akahesabu, akangoja, akahesabu tena, akageuza mashua bila kusema kitu. Siku ya tatu hakuwasha hata injini.

Mkwe wangu akapandwa. Ndege yetu ilikuwa asubuhi ya pili. "Nimelipa siku tatu," akasema. "Sikutoka Riyadh kuja kumtazama mtu anahesabu mawimbi." Akampigia dalali. Dalali akampigia nahodha, na sauti yake ilikuwa kubwa, sote tukaisikia: mteja wa Saudia akiondoka na kinyongo, asitarajie kuletewa mwengine. Nahodha akamjibu, "Sawa bwana," akatia simu mfukoni, akakaa juu ya ukingo wa mashua yake. Hakutoka.

Nusu saa haikupita, ikapatikana mashua nyingine. Ndogo, injini moja, nahodha kijana. Na siku zote itapatikana. Julai hakuna wageni wengi, watu hawajashika pesa tangu Aprili, na mtu mwenye watoto akionyeshwa malipo ya siku nzima kwa kazi ya saa chache, hesabu yake huwa nyingine.

Mjukuu wangu mkubwa ana miaka kumi na moja. Alitaka kupanda, tena tayari alishatia mguu mmoja ndani. Binti yangu akanitazama. Nikasema mtoto abaki. Hilo ndilo neno pekee lililonitoka asubuhi ile. Mwanafunzi wangu wa zamani amekaa hatua kumi kutoka nilipo, ananitazama, na pwani nzima ile mtu ambaye mkwe wangu angemsikiliza alikuwa ni mmoja, mimi. Nikamtoa wa kwangu kwenye mashua. Wale vijana wawili waliokuwa wakivuta kamba sikuwatoa.

Mtoto akaenda kukaa na nahodha. Nilimsikia akimuuliza, kwa Kiswahili chake cha Riyadh, mbona wao wametoka na yeye hakutoka? Nahodha akamwonyesha mabaharia wake waliokuwa wakipanga vitu chini ya mti. "Yule ni mwanangu," akamwambia, "na yule mwana wa dada yangu." Kisha akachukua kipande cha mshipi akaanza kumfundisha kufunga fundo la ndoana.

Wale walirudi baada ya saa moja na nusu. Pale mlangoni wimbi liliinyanyua mashua likaiangusha, na kijana mmoja wa miaka kumi na tisa mkono wake wa kulia ulibanwa baina ya kamba ya nanga na chuma. Vidole viwili vilikatika ncha. Mkwe wangu ndiye aliyemfunga kwa shati lake, akampeleka hospitali, akalipa, akakaa naye mpaka usiku, na mpaka leo humpelekea chochote kila mwisho wa mwezi. Yule kijana bado ni baharia. Mafundo sasa anayafunga kwa mkono wa kushoto.

Hayo yametosha, nije kwenye maoni, maana ndiyo niliyoahidi mhariri.

Mwanangu wa kiume anakaa Jeddah, na nikienda kumtembelea hutoka pamoja kuvua kule Obhur. Wasomaji wa Jeddah mnaijua shughuli yake. Huwezi kuondoka gatini bila ruhusa ya Haras al-Hudud. Jina lako na jina la kila mtu aliyemo lazima liandikwe. Siku upepo ukichafuka wakasema hakuna kutoka, basi hakuna. Nimekaa pale na wanaume wenye mashua zao wenyewe, za thamani kuliko nyumba yangu ya Malindi, nikawaona wanakunja mishipi, wanamimina kahawa, wanarudi makwao. Sijamsikia hata mmoja akisema "nimelipa". Mkwe wangu huyu huyu amewahi kurudishwa pale, mimi nipo. Tulipita soko la samaki tukanunua najil wawili, tukaenda kuwachoma, tukacheka sana. Hakumpigia mtu simu.

Upepo wa Jeddah na upepo wa Watamu wote ni upepo. Anayekwambia hapana Jeddah amevaa sare. Anayekwambia hapana Watamu amevaa fulana iliyotoboka, na anakwambia kwa Kiswahili. Huyu wa pili ndiye tunayemfikiria kuwa anataka kuongezwa, au mvivu, au mwoga. Tena sisi tulio huku ni wabaya zaidi kuliko Wazungu katika hili, nalisema bila kuficha. Mzungu akiambiwa na nahodha kwamba bahari mbaya, mara nyingi huamini, kwa kuwa anajijua ni mgeni. Sisi tunarudi nyumbani na riyali mfukoni na tunadhani pwani ni ya kwetu, kwa hivyo hakuna wa kutwambia kitu. Wengi wetu mara ya mwisho kupanda ngalawa tulikuwa na miaka kumi.

Kuna watakaosema, mwalimu, manahodha wenye hila nao wapo. Wapo. Anachukua amana yako, asubuhi anakwambia upepo, jioni unamkuta na mteja mwengine. Na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, miezi ya kusi mara kwa mara, kwa hivyo wewe mwenyewe unaweza kuangalia kama unaambiwa kweli. Lakini tahadhari hutolewa kwa pwani nzima. Saa kumi na mbili asubuhi, pale mlangoni pa mwamba, anayejua kama mashua hii, na watu hawa, itapita au haitapita, ni aliyeshika usukani.

Ndiyo maana nasema tatizo liko kwenye malipo kabla halijafika baharini. Nahodha wetu alipokataa, alikosa pesa zake, mabaharia wake wakakosa ujira, na akatishiwa kukosa wateja wa mbele. Yule kijana alipokubali, alilipwa. Tukipanga mambo hivyo tunanunua "ndiyo" ya mtu, tukitaka tusitake. Basi kabla hujatuma hata riyali moja, muulize dalali maswali ambayo mimi sikuuliza. Mashua hiyo tarehe hizo itakuwa majini au juu ya magogo? Nani mwenye neno la mwisho asubuhi, nahodha au ofisi? Na siku isiyotokeka pesa zinakwenda wapi? Mimi naona haki ni hii: bahari ikivunja siku, mabaharia walipwe ujira wao wote kama waliotoka, na pesa za mafuta na mashua zirudi kwako au zisogezwe siku nyingine. Ujira wa watu watatu si kitu ukilinganisha na ulicholipa. Iandikwe. Dalali akikataa kuiandika, au akiendelea na hilo neno lake la "uhakika", mwache. Mwenye samaki wa uhakika ni muuza samaki.

Tarehe nazo tuziseme. Najua likizo si yetu, nimeshawaelezea ya mkwe wangu. Lakini skuli za Saudia zina mapumziko ya katikati ya mwaka, miaka hii huangukia Januari, na Januari ndio kaskazi. Ni siku chache, na hoteli ni ghali kwa sababu Wazungu nao wanakuja kukimbia baridi. Mashua nzuri hushikwa miezi kabla. Ukipunguza siku tano kwenye likizo ya kiangazi ukaziweka hapo, mwajiri wengine hukubali wakiombwa mapema. Anayeweza kuisogeza likizo ya kiangazi hadi nusu ya pili ya Agosti pia atapata kitu, jodari wameanza na kusi imepungua makali, ila skuli nazo zinakaribia kufunguliwa.

Na mwenye Julai tu, asiwe na njia nyingine? Aende, lakini asiwaahidi watoto nduaro. Awaahidi magofu ya Gede, ambayo watoto wa Riyadh hawaamini kwamba waliyajenga watu wetu. Awapeleke kwa bibi yao. Wale nguru aliyevuliwa na mtu aliyejua siku ya kutoka. Na amtafute nahodha aliyepandisha mashua yake, akae na watoto pale chini ya mti, amlipe kwa muda wake kama anavyomlipa mwalimu wa masomo ya ziada. Mjukuu wangu katika siku tatu zile hakuona samaki, na kitu anachokisimulia skuli mpaka leo ni lile fundo. Alilifunga kwenye mguu wa meza ya chakula hapa nyumbani na hakuna aliyeweza kulifungua, imebidi tulikate kwa kisu.

Kuna aliyeniuliza pia kama inafaa kumvua nduaro kisha kumwachia, maana ndivyo wanavyofanya wengi siku hizi. Huchomekwa alama ndogo ya African Billfish Foundation ya Watamu akarudishwa majini, ijulikane akivuliwa tena amefika wapi. Hukumu yake waulizeni masheikh. Mimi najua tu kwamba marehemu baba yangu angepasuka kwa kicheko.

Sisi tumepanga kurudi Januari. Mkwe wangu ndiye aliyempigia nahodha safari hii, bila dalali, na alianza kwa kumuomba radhi. Nilikuwa nimekaa karibu yake, na nilipopewa simu nami nilikuwa na langu la kuomba, la zamani zaidi. Juzi nahodha ametuma ujumbe wa sauti. Nyuma unasikia nyundo, mashua imeshapandishwa. "Mwalimu, karibuni," anasema, "vijana wote wazima. Ila tiketi ya kurudi msiikate ya asubuhi ya pili yake. Wacheni siku mbili tatu za kukaa bure."